Nimeacha Marathoni, Klabu Sijaiacha

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa klabu yetu ya mbio hapa Moshi. Wanachama waliokuwa safarini waliomba waipate yote, basi ni hii, kama nilivyoisema.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Kocha wetu, wazee wangu shikamooni, wanachama wenzangu, na ninyi vijana mliochagua viti vya nyuma karibu na masufuria: habari za asubuhi.

Katibu aliponipigia simu alisema, "Mwalimu, tunaomba uje utoe maneno mawili matatu ya kuaga." Nikamuuliza, kwani nakwenda wapi? Akacheka. "Si tumesikia umeacha mbio?" Nikamwambia nimeacha marathoni. Zile kilomita 42 na ushee, pamoja na mazoezi yake yanayomla mtu miezi minne kila mwaka, hizo nimeziacha kwa sababu ya afya. Klabu sijaiacha. Ada nimelipa, na mweka hazina yupo hapa, kama nasema uongo anyooshe mkono.

Hajanyoosha. Tuendelee.

Kwa hiyo siagi mtu leo. Nimekuja kusema habari ambayo kwenye klabu za mbio haisemwi, nayo ni habari ya kuacha. Kuanza tunakujua. Mgeni akija leo hapa atapewa ratiba, atapewa mtu wa kukimbia naye, ataambiwa raba gani anunue na duka gani wasimpige bei. Kumaliza ndiyo usiseme: medali, picha, nyama choma, na mbege kwa wanaokunywa. Lakini kuacha, nani kati yenu amewahi kufundishwa? Kocha, umewahi kumfundisha mtu kuacha?

Kocha anatikisa kichwa. Basi nianze na Mexico.

Hakuna Mtanzania aliyewahi kuvaa raba asiyeijua habari ya John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, Olimpiki ya Mexico City, mji ulio juu zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Misuli ikambana, akaanguka kwenye msongamano wa wakimbiaji, goti likateguka, bega likaumia. Akafungwa bandeji, akainuka, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Watu walishaondoka, majukwaa yamebaki na wachache, naye anachechemea na bandeji yake mguuni. Walipomuuliza kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000...

Malizieni.

Mmesikia? Ukumbi mzima mmemaliza bila kusoma popote. Haikumtuma maili 5,000 akaanze mbio, ilimtuma akamalize. Mmeihifadhi kama sala.

Sasa niwaulize swali la darasani. Siku ile ile, barabara ile ile, walianza wakimbiaji 75. Waliomaliza ni 57. Toa. Wanabaki wangapi? Kumi na wanane. Hao kumi na wanane ni akina nani? Kuna anayemjua hata mmoja?

Nawatajia mmoja. Abebe Bikila. Bikila yule yule aliyechukua dhahabu ya Roma mwaka 1960 akikimbia miguu mitupu. Bikila aliyefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, halafu wiki chache tu baadaye, mwaka 1964, akaenda Tokyo akachukua dhahabu ya pili. Huyo alifika Mexico mguu ukiwa na ufa kwenye mfupa. Karibu na kilomita ya 17 akatoka barabarani. Akaacha. Mwenzake Wolde akaendelea na mbele akashinda.

Nani ataniambia Bikila alikuwa mwoga? Nani ataniambia Bikila hakujikaza? Aliyekimbia Roma bila viatu, tumwambie nini kuhusu kujikaza?

Mzee Akhwari simgusi, na mtu asitoke hapa akasema Mwalimu kamgusa. Alifanya alichofanya akijua ana nini, na goti lake lilipona: mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alimaliza marathoni wa tano. Ugomvi wangu ni na sisi. Maneno yake tumeyachukua tukayapeleka mahali ambako yeye hakuyapeleka. Tunamwambia mzee mwenye presha. Tunamwambia binti aliyezimia mazoezini Jumapili mbili mfululizo. Tunayachapa kwenye fulana. Na tunasahau neno moja lililo katikati ya jibu lake: alitumwa. Alikuwa na bendera kifuani na nchi nyuma yake. Wewe ulitumwa na nani? Mimi nilitumwa na nani? Nilijituma mwenyewe, na ada ya usajili nikalipa kwa simu nikiwa nimekaa kwenye kochi. Aliyenituma ni mimi, na huyo aliyenituma ana haki ya kuniita nirudi.

Naona Mwenyekiti anaandika. Niende kwangu.

Barabara ya Mweka mnaijua. Wanaokimbia Kilimanjaro Marathon wanaipanda wakiwa wameshachoka na tambarare yote ya barabara ya Himo, ndiyo maana huwa tunaifanyia mazoezi sana. Asubuhi moja nilikuwa nateremka, mteremko mtupu, mwendo wa kupiga stori. Nikahisi miguu imekuwa mizito ghafla na pumzi haitoshi. Nikakaa kwenye kalavati. Nikatazama saa ya mkononi: mapigo 188 kwa dakika. Nimekaa! Nikasema saa imekufa. Nikaivua, nikaifuta jasho kwa fulana, nikaihamishia mkono wa pili. Ikasoma 191. Ndipo nikaweka kiganja kifuani, nikakuta moyo unarukaruka kama samaki kwenye ndoo. Mama mmoja aliyekuwa anashusha ndizi sokoni akatua mkungu wake, akanitazama, akasema, "Mama, hizi mbio zenu zitawaua," akanipa maji, akabeba mkungu akaenda zake. Hakusubiri hata asante.

Hali ile ikapita. Baadaye ikarudi naosha vyombo. Ikarudi tena nasahihisha madaftari, na madaftari ya kidato cha pili yanaweza kumuumiza mtu moyo, lakini siyo hivyo. Nikaenda hospitali, na bahati nzuri, kama hiyo unaweza kuiita bahati, ikanianza nikiwa kwenye foleni.

Daktari akanitandazia karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, ile yenye vimraba vidogo vidogo vyekundu. Mimi nafundisha hisabati. Kabla hajafungua mdomo nilishaanza kuhesabu vimraba kati ya kilele kimoja cha wino na kinachofuata. Kumi na tano. Tisa. Ishirini na mbili. Kumi na moja. Nikatafuta mpangilio, nikaukosa. Nikamwambia, "Daktari, hii haina kanuni." Akaniangalia. Akasema, "Mama, ndilo tatizo lenyewe."

Akanieleza, nami nawaeleza kama alivyonieleza. Moyo una vyumba viwili vya juu na viwili vya chini. Vya juu vinatakiwa kukaza na kusukuma damu kwenda chini kwa mpigo mmoja. Vyangu, hali ile ikinishika, havikazi, vinatetemeka tu. Damu inazubaa mle ndani. Damu ikizubaa inaweza kuganda. Bonge dogo la damu likichomoka kwenye moyo, njia yake fupi ni kupanda kichwani, na likifika huko linaitwa kiharusi. Wakapima tezi ya shingo, ikawa salama. Wakapima moyo kwa ultrasaundi, wakakuta chumba cha juu cha kushoto kimetanuka kiasi. Wakapima presha, wakaikuta imepanda, na mimi sikujua kama ninayo, kwa sababu mkimbiaji gani anajipima presha? Sisi si ndio wazima!

Nikauliza, mbio zimehusikaje? Hapa naomba usikivu, hata ninyi wa kwenye masufuria. Mazoezi ya wastani yanaulinda moyo. Hilo halina ubishi, na mtu asiende nyumbani akamwambia mumewe Mwalimu kasema mazoezi ni mabaya. Ila mazoezi mazito ya masafa marefu, ya miaka na miaka, kwa baadhi ya watu yanatanua vile vyumba vya juu na kuvikaribishia hitilafu hii. Kule Uswidi kuna mashindano ya kuteleza kwenye theluji yanaitwa Vasaloppet, kilomita 90. Watafiti waliwafuatilia washiriki zaidi ya 50,000, na waliorudia mashindano mara nyingi zaidi, pamoja na waliomaliza kwa kasi zaidi, ndio waliokutwa na matatizo ya mapigo ya moyo kwa wingi kuliko wenzao. Sababu zipo nyingine: presha, pombe, umri, ukoo. Mimi nilikuwa na zaidi ya moja.

Mnadhani daktari alinikataza marathoni? Hakunikataza. Na nilitamani anikataze! Amri ni rahisi. Ukipewa amri unanuna, unamlaumu mtoa amri, unalala. Yeye alisema, "Hizi ndizo dawa za presha. Hii ni ya kuzuia damu isigande, maana yake ukianguka barabarani ukajigonga, utatoka damu kuliko mwenzako. Ukikimbia kwa muda wa saa tano juani ukakaukiwa maji, hali hii itakurudia kwa urahisi. Ukipunguza, inaweza kutulia. Uamuzi ni wako."

Uamuzi ni wangu. Nikarudi nao nyumbani kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike kidogo.

Na ushauri nao ukaanza kumiminika, kutoka humu humu ndani. Mmoja akasema ni mawazo tu, nipumzike wiki. Mmoja akasema nina upungufu wa madini, ninywe supu ya mifupa. Mmoja, simtaji, amekaa karibu na dirisha, akasema kuna mtu ananionea wivu tangu nimpite kwenye hafu marathoni, nitafute wataalamu. Wengine wakaniombea. Maombi nilipokea, na dawa nikanywa. Lakini neno nililolisikia zaidi ya yote ni moja: jikaze. Jikaze, Mwalimu. Jikaze, ni kamlima tu. Moyo wenyewe umeshindwa kukaza, mimi nikaze nini?

Kilichoniamulia ni mume wangu, na si mtu wa maneno. Alikuwa anamenya ndizi. Akauliza, "Wewe ulianza kukimbia kwa ajili ya nini?" Nikanyamaza, kwa sababu jibu alilijua. Nilianza kukimbia mwaka ule baba yangu alipopooza upande mmoja. Nilimwogesha baba. Nilimlisha uji kwa kijiko, na nusu ya uji ilirudi kwa kona ya mdomo. Nikaapa mimi kiharusi hakitanipata nimekaa. Nilianza kukimbia kwa kukikimbia kiharusi, jamani. Sasa barabara imepinda, inanirudisha kule kule nilikokimbia, nami niendelee tu kwa sababu saa yangu inanidai kilomita 32 Jumapili?

Hesabu ile ilikwisha pale pale jikoni. Nikafuta ratiba.

Msidhani nilifurahi. Wiki za kwanza niliamka saa kumi na moja alfajiri nikiwa sina pa kwenda, nikafagia uwanja mpaka udongo ukaniuliza una nini. Mwezi Septemba 2025, Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia kule Tokyo, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, sawa kabisa na yule Mjerumani, Amanal Petros, ikabidi picha ya utepe iamue kwa sehemu tatu za mia za sekunde, mimi niliruka kama ninyi. Nililia kama ninyi. Halafu nikabaki nalia, nanyi mkaenda kufanya mazoezi.

Na hapa nina neno na klabu. Jina langu liliondolewa kwenye kundi la WhatsApp la mbio ndefu kabla dawa hazijaisha kwenye pakiti ya kwanza. Najua aliyeliondoa hakuwa na nia mbaya, alikuwa anapanga orodha. Ila watu wakianza kukusalimia kama mfiwa, "pole Mwalimu, pole sana," huku wanaangalia saa, unaelewa umeshahesabiwa nje. Tunao wangapi waliopotea hivyo? Yule kaka wa benki aliyekuwa na goti yuko wapi? Dada aliyejifungua? Tuliwauliza?

Nawapeni visa viwili vya Paris, Olimpiki ya mwaka 2024, marathoni ya tarehe 10 Agosti. Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki mara mbili, mtu aliyekimbia 1:59:40 kule Vienna, alibanwa na mgongo. Akaanza kutembea. Katikati ya barabara, dunia nzima inaangalia, Kipchoge anatembea. Watu wakatembea naye. Akaacha, akawagawia mashabiki viatu, soksi na fulana yake. Hakuna aliyemwambia jikaze. Nani angethubutu?

Kisa cha pili ndicho nakipenda zaidi, na hakisimuliwi vya kutosha. Kwenye timu ya Ethiopia alikuwemo Sisay Lemma, bingwa wa Boston wa mwaka huo huo. Aliumia. Wiki kama mbili kabla ya Paris akampisha mchezaji wa akiba, Tamirat Tola. Tola akashinda kwa 2:06:26, rekodi mpya ya Olimpiki. Fikirieni Lemma angejikaza. Angekwenda na mguu mbovu, angeishia njiani, na Tola angekuwa nyumbani anaangalia kwenye televisheni.

Mimi si Lemma na nafasi yangu haina rekodi ndani yake. Lakini usajili wangu wa mwaka huu nimeomba waandaaji wauhamishie kwa binti mmoja wa humu, utaratibu ukiruhusu. Raba zangu sijamgawia mtu. Natembelea. Natembea Msitu wa Rau, nakimbia kilomita chache za polepole daktari alizoniruhusu, na mwendo wangu sasa naweza kuona tumbili wakinicheka.

Tena, mnajua Bikila aliishia wapi? Mwaka 1969 alipata ajali ya gari, akapooza miguu. Miguu ile ya Roma. Mwaka uliofuata alikuwa Stoke Mandeville, Uingereza, kwenye kiti cha magurudumu, anashindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale.

Ombi langu kwenu ni dogo na ninalo kwa sababu mbio zimekaribia. Meza ya maji ya kupanda Mweka nipeni mimi na wenzangu tusiokimbia. Tunaijua njia, tunazijua sura zenu, tutajua nani amechoka na nani anaumwa. Mkimkuta mtu amekaa chini, msimpigie kelele ya jikaze. Muulizeni jina lake na leo ni siku gani. Akijibu ovyo, kaa naye, ita gari. Medali yako haitaozea mezani. Na ile namba ya kifuani, igeuzeni. Mara nyingi nyuma yake pana nafasi ya kuandika simu ya ndugu na ugonjwa ulio nao. Wangapi huijaza? Nyoosheni mikono bila aibu.

Watatu. Ukumbi wote huu, watatu.

Haya. Pale mlangoni kuna dada muuguzi, amekuja na mashine ya presha na daftari, atakaa mpaka saa nane mchana na hatoi soda kwa anayekwepa. Chakula kitagawiwa kwa aliyepimwa. Nimeshaelewana na mpishi. Mwenyekiti, nimemaliza. Wazee watangulie, Kocha afuate, na yule wa dirishani asitoroke.